Mashine Niliyoiita ya Masomo

Ndugu wasomaji, ukurasa huu umezoea kutuletea mapishi, malezi na namna ya kutunza akiba ya nyumbani. Leo naomba nafasi kidogo nisimulie kosa nililolitenda mimi mwenyewe, kwa sababu naamini wako wenzangu wenye sare na wake wenye subira ambao watajiona ndani yake.

Mimi ni askari polisi wa usalama barabarani. Kazi yangu iko Arua, nami hukaa kambini. Aila yangu inakaa nje kidogo ya mji wa Koboko, mwendo wa kiasi cha kilomita 55 kuelekea kaskazini. Kila mwisho wa juma nisipokuwa zamu hupanda taksi nikaenda nyumbani, na Jumatatu alfajiri hurudi. Kazi ya barabarani ina mambo ambayo mtu hayaachi kituoni avuapo sare. Kwa miaka mingi mimi niliyazamisha mambo hayo katika waragi. Mwaka 2022 niliacha kunywa, kwa msaada wa Mungu na wa mke wangu, lakini hakuna aliyenionya jinsi jioni za mtu aliyeacha pombe zilivyo ndefu.

Hapo ndipo jirani yangu kambini aliponiita chumbani mwake nijaribu mchezo wa magari katika kompyuta yake. Ulikuwa ule uitwao Forza Horizon 5, uliotoka mwaka 2021, ambao barabara zake ni za nchi ya Meksiko. Nilikaa saa moja na nusu nikiendesha gari jangwani na milimani, na nilipoinuka nilitambua kwamba muda wote ule sikuwa nimeifikiria chupa hata mara moja. Cheka ukipenda, ndugu msomaji: mchana nawasimamisha wanaokimbiza magari, na usiku nakimbiza mimi.

Basi nikaitamani mashine yangu mwenyewe. Kompyuta ya kawaida ya kuandikia haiwezi mchezo kama ule. Mashine ya mchezo huwa na akili mbili: prosesa kuu inayofanya hesabu za kila namna, na prosesa ya pili ambayo kazi yake ni kuchora picha upesi, makumi ya picha kila sekunde, hata jicho lione mwendo usiokatika. Zamani mashine za namna hiyo zilikuwa kubwa na nzito kama tofali. Siku hizi zimekuwako ndogo, zenye kioo cha inchi 14 na uzito wa kilo moja na nusu au zaidi kidogo, ambazo huingia katika mfuko wa kawaida wa safari. Kwa mtu aishiye baina ya Arua na Koboko, ufinyu huo ulikuwa jambo kubwa.

Mwezi wa Februari 2023 nilikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikamwagiza ndugu yangu wa Kampala, akaninunulia moja iliyokwisha kutumika kwa shilingi 3,200,000. Deni lingekatwa katika mshahara wangu kwa miezi kumi na minane. Sasa nakuja kwenye kosa langu. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekubaliana kwamba mkopo wa mwaka ule ungenunua mabati ya nyumba ya mama yangu mzazi, ambaye paa lake la nyasi lilikuwa limechoka. Nikamwambia mke wangu kwamba nimepata nafasi ya masomo ya jioni ya hesabu za fedha, na kwamba masomo hayo yanadai mashine. Masomo yalikuwako kweli, nami niliyasoma. Lakini kompyuta ya nusu ya bei ile ingeyatosha, na hilo sikulisema. Nilimwambia nusu ya ukweli, na nusu ile ikafanya kazi ya uongo mzima.

Mke wangu alinyamaza, kisha akasema, "Elimu haigombwi, Baba. Mabati yatangoja." Na masika yote ya mwaka ule mama yangu alihamisha kitanda chake kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine, akilifuata eneo lisilovuja.

Mashine yenyewe ilikuwa mtumishi mwema. Wakati ule West Nile ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa; tulitegemea mitambo ya dizeli na bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5, na umeme wa kambini ulikuja na kuondoka. Kwa kuandika, betri yake ya wati-saa 76 ilinipa karibu saa tano. Kwa mchezo, haikumaliza saa moja. Nyumbani Koboko tulikuwa na sola, na mke wangu, ambaye ni mweka hesabu wa kikundi cha akiba cha akina mama, alijifunza kuitumia upesi kuliko nilivyotazamia. Katika likizo yangu ya Agosti alihamisha hesabu zote za wanachama thelathini kutoka madaftari manne, akazitia katika jedwali moja safi. Nilipomwona akitabasamu mbele ya kioo, moyo ulinichoma.

Mwezi wa Desemba ukafika, na siku ya kikundi kugawana akiba ya mwaka. Mkutano ulipangwa Jumapili alasiri uani kwetu. Jumamosi usiku, baada ya mke wangu kulala, mimi na kijana wetu mkubwa tulicheza kwa kupokezana, mashine ikinyonya umeme wa sola, hata taa ya sebuleni ikafifia ikazima. Tukalala. Asubuhi kulikuwa na mawingu. Alasiri akina mama walipoketi mikekani, kila mmoja na kitabu chake, mashine haikuwaka, na betri ya sola ilikuwa tupu. Hesabu ya mwaka mzima ya wanawake thelathini, fedha za ada na za mbegu, ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku lisilofunguka. Nilisikia mmoja akimuuliza mwenzake, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, kama fedha zipo.

Tulichukua pikipiki tukaipeleka mashine mjini kwenye jenereta ya duka, na jioni fedha zikagawanywa sawa hadi shilingi ya mwisho. Lakini mke wangu alikuwa ameshukiwa mbele ya wenzake kwa muda wa saa tatu, naye hakuwa na hatia yoyote.

Usiku aliniuliza kwa upole, "Baba, mwezi wa Agosti niliandika siku saba na taa hazikuzimika. Imekuwaje leo ikafa kwa usiku mmoja?" Kabla sijapata jibu, kijana wetu, ambaye hakujua lolote la siri yangu, akaeleza kama mwalimu. Betri yetu ya sola ni ya volti 12 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,200, na ili isiharibike mapema yafaa itumike nusu tu, wati-saa 600. Kwa kuandika, mashine hula wati 15 hivi; mtu angeweza kuandika saa arobaini. Kwa mchezo hula wati 150. Baada ya saa nne pana giza. Kisha akaongeza, "Mama, hii ni mashine ya mchezo. Ya masomo tu ingekuwa nusu ya bei."

Mke wangu hakupandisha sauti. Alichukua kalamu, akagawanya nusu ile ya bei kwa bei ya bati moja, akanionyesha jibu. Yalikuwa mabati ya kutosha kufunika upande mzima wa nyumba ya mama.

Ndipo nikaeleza yote: jioni ndefu, chumba cha jirani, saa moja na nusu bila kuifikiria chupa. Nikamwambia kwamba niliona haya, mtu mzima, baba wa watoto wanne, kusema kwamba nataka kucheza. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Ungeniambia kwamba ni dawa ya waragi, ningeuza mbuzi nikuongezee. Kilichoniuma ni kwamba ulinifanya askari wa barabarani wa kudanganywa."

Tangu siku ile tuna sheria nyumbani. Mchezo hauchezwi kwa umeme wa sola ila mchana jua likiwaka, na kamwe si usiku wa kuamkia siku ya hesabu. Hesabu za kikundi hunakiliwa katika diski ndogo ya pembeni, na mukhtasari wake huandikwa pia katika daftari, kwa sababu daftari halihitaji umeme. Kambini hucheza saa moja na nusu, basi. Mimi niliacha matumizi madogo madogo ya mjini, nikanunua mabati kidogo kidogo, na mwezi wa Machi 2024, kabla ya mvua, tulipigilia bati la mwisho. Mwaka huo huo gridi ya taifa iliwasili Arua, lakini sheria zetu hatukuzibadili.

Kwa wenzangu wanaotaka mashine ya namna hii, nasema haya. Ni chombo kizuri kwa mtu mwenye chumba kimoja na safari nyingi, kwa kuwa kimoja hufanya kazi ya viwili. Chagueni ile inayokubali pia chaja ndogo kama za simu mpya, ili chaja kubwa ibaki kambini. Ulizeni kama kumbukumbu yake inaweza kuongezwa, maana katika nyingi ndogo imelehemewa, na ulivyonunua ndivyo utakavyobaki. Iwekeni juu ya meza, si juu ya blanketi, maana hupumua kwa feni zake. Na kiangazi vumbi letu jekundu huziba feni hizo, hivyo zisafishwe kila baada ya miezi michache.

Lakini kabla ya hayo yote, mwambieni mwenzenu wa nyumbani jina halisi la kitu mnachonunua. Mimi deni la chama nilimaliza kulilipa kwa miezi kumi na minane. Lile la saa tatu za Jumapili ile, mke wangu ameshika kifungoni wa kunisamehe, nami bado nalilipa.