Kombe Halilindi Kiti cha Kocha

Uwanja wa Kenyatta hapa Machakos umewahi kufurika mara nyingi, lakini mwenyeji akisema "ile fainali" hana haja ya kutaja mwaka. Ni ya tarehe 17 Desemba 2017, Kombe la Chalenji la CECAFA, Harambee Stars dhidi ya Zanzibar Heroes. Ovella Ochieng alitufungia mapema kabisa. Zanzibar wakasawazisha dakika za lala salama. Masoud Juma akaturudisha mbele katika muda wa ziada, na kabla hatujamaliza kushangilia Wazanzibari wakasawazisha tena. Ikaja mikwaju ya penalti, kipa Patrick Matasi akapangua mitatu, tukashinda 3-2.

Wakati wa penalti, huku watu walikuwa wakipiga ishara ya msalaba, kule viganja vimeinuliwa kwa dua. Wote walikuwa wakimwomba Mungu jambo ambalo hangeweza kuwapa wote. Tangu siku hiyo husitasita kidogo kila nikimsikia kocha akisema mbele ya maikrofoni kwamba Mungu ndiye aliyetupa ushindi. Je, yule wa benchi la pili alinyimwa kwa kosa gani?

Nawataja waliokuwa kwenye mabenchi kwa sababu historia zao zinafundisha kuliko matokeo. Kwetu alikaa Paul Put, Mbelgiji ambaye miaka ya nyuma alifungiwa miaka 3 na shirikisho la soka la nchi yake kwa kashfa ya kupanga matokeo alipokuwa na klabu ya Lierse. Mwenyewe amejitetea kwamba alitolewa kafara kwa makosa ya wengi. Upande wa pili alikaa Hemed Suleiman, ambaye wengi humwita Morocco, na timu ya visiwa ambavyo CAF ilivipokea uanachama Machi mwaka huo huo na kuvifuta Julai. Atakayesema mbingu zilipima mioyo ya makocha hao wawili ndipo zikatoa kombe, ana kazi ngumu ya kunieleza vipimo vilivyotumika.

Nina sababu ya kuyawaza haya. Nimo katika kamati ya michezo ya chuo kimoja mjini hapa. Jina la chuo si muhimu kwa habari hii, na kocha ninayetaka kumzungumzia hangefurahi kuona lake gazetini. Vijana walimwita Mwalimu, nasi tukamwita vivyo hivyo, ingawa hakuwahi kufundisha darasani. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, wa kuongezwa kamati ikiridhika. Mshahara ulichelewa kama inavyochelewa mishahara ya watu ambao kelele zao hazifiki ofisi ya fedha. Mkewe aliuza nafaka sokoni, na nadhani kuna miezi ambayo nafaka hizo ndizo zilizoendesha timu yetu.

Alikuwa shemasi katika kanisa la Africa Inland (AIC), lakini uwanjani ungeweza kukaa naye muhula mzima usijue. Sala yake kabla ya mechi ilikuwa moja tu, na ilikuwa fupi: "Bwana, tusiumie na tusiumize." Basi. Hakuomba ushindi hata siku moja. Mjumbe mmoja wa kamati alimuuliza kwa nini, akajibu kwamba ushindi ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na si adabu kumtupia Mungu kazi unayolipwa wewe. Akaongeza, "Nikilipwa." Alikuwa na utani wa chini chini namna hiyo.

Msimu wake wa mwisho ulianza vibaya. Sare, kipigo, sare, kipigo kingine nyumbani mbele ya naibu mkuu wa chuo aliyekuja na wageni. Baada ya mechi hiyo wengi tulitarajia kusikia habari za mwamuzi, au zile za mapenzi ya Mungu, ambazo ndizo kichaka kikubwa cha makocha wacha Mungu. Yeye alisimama akasema, "Tumefungwa kwa kona mbili. Wiki hii sikuwafanyisha mazoezi ya kona." Akaketi. Mwenyekiti wetu alibaki na hotuba yake mkononi, maana alikuwa ameiandaa kwa ajili ya mtu atakayejitetea.

Naiona imani kubwa zaidi katika sentensi hizo mbili kuliko katika sala nyingi ndefu nilizowahi kuzisikia vyumbani mwa kubadilishia nguo. Mwenye hofu ya kufukuzwa hutafuta wa kumlaumu, na Mungu ni rahisi kulaumiwa kwa heshima: unasema tu "haikuwa mapenzi yake" na kila mtu anainamisha kichwa. Kukataa njia hiyo wakati kiti chako kinawaka moto kunahitaji uamini kwa dhati kwamba maisha yako hayako mikononi mwa kamati ya michezo.

Majaribu yalikuja kwa njia mbili, na zote mbili ni za kwetu.

Ya kwanza inachekesha, ingawa aliyeileta hakuwa akicheka. Ukambani tumebebeshwa sifa za kamuti, yaani uchawi, nchi nzima; kila Mkamba aliyewahi kupanga nyumba Nairobi ameshaulizwa kama ana dawa ya kumtia adabu mwizi au mume mtoro. Basi mjumbe mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja fundi wa bomba, kwamba kuna mzee upande wa Kitui ambaye amesaidia timu kadhaa na bei yake haiumizi. Kimya. Mwalimu akafikiri, kisha akasema, "Kama mzee huyo anafunga mabao, mleteni nimpe jezi. Ila awe na nambari ya usajili ya chuo." Tulicheka mpaka kikao kikaahirishwa.

Lakini lile la nambari ya usajili halikuwa utani mtupu, maana jaribu la pili lilihusu hiyo hiyo. Yeyote aliyewahi kushughulika na michezo ya shule na vyuo nchini anawajua wachezaji mamluki. Kijana wa klabu fulani ya Nairobi, ambaye hajawahi kuingia darasa lolote la chuo, anapewa nambari ya mwanafunzi aliyeahirisha masomo, picha inabandikwa juu ya nyingine, muhuri unagongwa kwa namna ya kupitia ukingo wa picha, na Jumamosi anafunga mabao matatu. Jumatatu haonekani. Kila chuo hulalamikia mamluki wa wenzao.

Tuliletewa mshambuliaji wa aina hiyo. Alikuwa mzuri, hilo sikatai. Nilimtazama mazoezini akigeuka na mpira kwa mguu wa kushoto, na hata mimi nikaanza kupiga hesabu za nusu fainali. Fomu zililetwa zikiwa zimeshajazwa. Mwalimu alizoea kukaa kwenye benchi la mbao nje ya ofisi ya michezo, kitambulisho cha kila mchezaji mkono mmoja, fomu mkono wa pili, akilinganisha sura, jina, kozi, mwaka wa masomo. Alipofika kwa huyo akainua macho.

"Kijana, mhadhiri wako wa mwaka wa kwanza alikuwa nani?"

Yule kijana akatabasamu. Mwalimu naye akatabasamu, akamrudishia fomu, akamwambia mazoezi ni ya bure na anakaribishwa wakati wowote, ila mechi ni za wanafunzi. Kisha akamuuliza kama amekula. Hilo la mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Yule kijana hakuwa mhalifu wa kufukuzwa kwa makelele. Alikuwa mtoto wa mtu aliyeahidiwa nauli na elfu kadhaa. Waliokosa ni waliojaza fomu, na hao walikuwa na vyeo, na Mwalimu hakuwataja mbele yake.

Tulitolewa kabla ya nusu fainali. Mkataba haukuongezwa.

Nisimpake mafuta kupita kiasi. Alikuwa na hasira. Siku moja alimfokea mwamuzi msaidizi maneno ambayo shemasi hapaswi kuyajua, halafu baada ya kipenga cha mwisho akamfuata kumwomba radhi, na mwamuzi akakataa kuipokea, ikawa ni aibu mbele ya wachezaji. Pia alikuwa mkaidi wa mbinu. Aliendelea kupanga mabeki watatu wakati hata mpishi wa chuo aliona kwamba upande wa kulia unavuja. Waliosema timu ilihitaji mawazo mapya hawakuwa wakisema uongo mtupu. Huwa natofautiana na wanaotaka kila aliyeachishwa kazi awe mtakatifu. Wapo wanaoachishwa kwa sababu kazi imewashinda, na dini haiwageuzi kuwa mashahidi.

Swali langu ni jingine: ungemwokoa nani kwa kudanganya? Hapa ndipo makocha wakubwa wananisaidia kufikiri. Adel Amrouche alitupatia Kombe la Chalenji Desemba 2013 kwenye ardhi yetu wenyewe, na Agosti 2014 akatimuliwa. Alikwenda kudai haki yake hadi FIFA, na deni lililotokana na kesi hiyo lilipita shilingi milioni 100. Put mwenyewe, aliyenyanyua kombe hapa Machakos Desemba, kufikia Februari 2018 alikuwa amejiuzulu. Na Hemed Morocco, yule aliyelala na kipigo cha penalti uwanjani petu, alikuja kukabidhiwa Taifa Stars Januari 2024 katikati ya AFCON kule Côte d'Ivoire, baada ya Tanzania kumsimamisha kocha wake. Kocha huyo alikuwa nani? Amrouche yule yule. Morocco akaifikisha Tanzania AFCON ya 2025 kwa kuifunga Guinea 1-0 Novemba 2024, akaipeleka robo fainali ya CHAN Agosti 2025. Novemba 2025, wiki chache kabla ya AFCON hiyo kuanza, shirikisho likaachana naye. Timu ikasafiri na mtu mwingine.

Sijui hao mabwana wanasali vipi, wala si kazi yangu. Ninachokiona ni kwamba kombe halikulinda kiti cha yeyote kati yao. Sasa, kama ukishinda unaweza kuondolewa na ukishindwa unaondolewa, dhamiri yako unaiuza kwa ajili ya kitu gani hasa? Muhula mmoja zaidi? Wanaotuambia "kwanza linda ugali wako" wanadhani ugali huo una mlinzi. Mwalimu alikuwa amelijua hilo kabla yetu: kwamba ushindi wa mamluki usingemnunulia usalama, ungemnunulia hofu ya mtu atakayekuja siku moja na fomu ile mkononi.

Mji huu una chuo kikuu chenye jina la Peter Cameron Scott, mmisionari aliyetua Mombasa Oktoba 1895 na kundi dogo, wakaja kuanza kituo chao cha kwanza Nzaui, huku huku Ukambani. Desemba 1896 homa ilikuwa imeshamuua. Wenzake wengi wakafa au wakaondoka. Lau kungekuwa na kamati ya kutathmini utendaji wake mwisho wa msimu wa kwanza, ingeandika barua fupi sana. AIC yote tunayoiona leo, pamoja na shemasi wetu, imetokana na msimu ule. Sitaki kumlinganisha kocha wa chuo na Scott. Nasema tu kwamba barua ya kamati husoma msimu mmoja, na kuna kazi ambazo hazisomeki hivyo.

Barua ya Mwalimu ilimkuta katikati ya juma, akiwa uwanjani. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea na mazoezi ya kona. Ndiyo, ya kona, wakati hakukuwa na mechi nyingine iliyobaki. Siku zilizofuata aliwaandikia barua za mapendekezo wachezaji waliokuwa wakimaliza, kila mmoja yake, kwa mkono. Alikabidhi stoo akiwa na orodha iliyotaja hadi mipira iliyopasuka na vizibao visivyo na kamba. Nilimuuliza kama ana uchungu. Alisema anao, tena mwingi, na kwamba Jumapili alishindwa kuimba kanisani. Nilifurahi hakunidanganya.

Nafasi ilipotangazwa tuliwahoji watu kadhaa. Mmoja alikuja na faili nene la picha za vikombe, mtu mchangamfu, msafi, mwenye kuanza kila jibu kwa kumshukuru Mungu. Zamu yangu ilipofika nilimwomba anitajie mchezaji mmoja aliyewahi kumwacha nje kwa sababu ya kanuni, kisha timu ikafungwa. Akafikiri, akacheka, akasema timu zake hazifungwi ovyo. Wenzangu nao wakacheka. Tulimwajiri; mimi nilikuwa upande uliozidiwa kura.

Timu inashinda. Fomu za usajili nimezipitia mwenyewe na sijaona tatizo. Mkataba wake unaisha Juni.