Maji Yetu, Jina Lao

Kila mwaka ninapofundisha uchumi wa kisiasa huwauliza wanafunzi wangu swali moja: soda inayouzwa katika duka la jirani na chuo ni ya nani? Wengine hujibu kuwa ni ya Wamarekani. Wengine, waliozoea kusoma maandishi madogo kwenye chupa, husema ni ya Dar es Salaam. Kila upande una sehemu ya ukweli, na kati ya majibu hayo mawili ndipo ilipo siri ya kukua kwa kampuni kubwa ya vinywaji baridi.

Mwaka 1899 wanasheria wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walimwendea Asa Candler, mkuu wa kampuni ya Coca-Cola huko Atlanta, wakaomba haki ya kukitia kinywaji chake kwenye chupa. Wakati huo kiliuzwa zaidi kwa bilauri, hasa katika maduka ya dawa. Candler aliwapa haki hiyo kwa sehemu kubwa ya Marekani kwa bei ya dola 1, na inasimuliwa kwamba hata dola hiyo hakuidai.

Wengi huisimulia habari hii kama kichekesho cha tajiri aliyepunjwa. Mimi naiona vingine. Chupa, mitambo, magari, maji, mishahara ya vibarua na madeni ya benki vilikuwa mzigo wa wenye viwanda vya kujaza. Kampuni ilibaki na vitu viwili vyepesi: kiini cha kinywaji na jina lake. Ili ikue haikulazimika kujenga kila kiwanda. Ilihitaji watu wenye mitaji katika kila mji, wajenge kwa fedha zao na kununua kiini kutoka kwake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili iliahidi kwamba kila askari wa Marekani atapata chupa kwa senti 5 popote alipo, na mitambo 64 ya kujaza ikasimikwa nje ya nchi. Vita vilipokwisha askari walirudi kwao, soko likabaki.

Mfumo huohuo ndio uliotufikia. Dar es Salaam na Mbeya zikapata Coca-Cola Kwanza, Moshi ikapata Bonite, Mwanza ikapata Nyanza. Mwaka 2016 Coca-Cola Kwanza iliingia chini ya Coca-Cola Beverages Africa, kampuni iliyozaliwa kwa kuunganisha biashara ya familia ya Gutsche ya Afrika Kusini na shughuli za soda za SABMiller, Coca-Cola yenyewe ikiwa mbia. Majina ya wenye hisa hubadilika. Mwenye kiini habadiliki.

Nilikulia katika miaka ambayo soda ilikuwa kinywaji cha mgeni, cha mgonjwa na cha sikukuu. Mama alinituma dukani na chupa tupu mkononi, maana bila chupa tupu muuzaji hakukupa iliyojaa mpaka uweke fedha ya dhamana. Leo nikiutazama mzunguko ule naona ulitegemea miguu ya watoto kama mimi, kreti za mwenye duka na ukuta wake uliopakwa rangi nyekundu. Sote tuliitumikia kampuni ambayo haikutuajiri.

Je, kuna nchi iliyogoma? Mwaka 1977 Coca-Cola iliondoka India baada ya serikali kuitaka ipunguze hisa zake na kuitoa siri ya kiini chake. Mwaka huohuo Wahindi wakaanzisha soda yao, Thums Up, ikapendwa mno. Kampuni iliporejea mwaka 1993, iliinunua Thums Up. Ilifahamu kwamba kilichoizuia njiani ni jina lililokwisha kuingia mioyoni mwa watu.

Kwa hiyo sisemi tuvifunge viwanda hivi. Vinatoa ajira na kulipa kodi. Tena tunao ushahidi kwamba jina la nyumbani linaweza kusimama: Azam Cola ya Bakhresa na Mo Cola zimekaa rafu moja na za wageni, na mnywaji hakuzikataa.

Ninachodai ni kwamba viongozi wetu wanapomkaribisha mwekezaji, wasiishie kuhesabu ajira na kodi. Waulize pia jina litakuwa la nani, kiini kitanunuliwa wapi, na kila mwaka kiasi gani cha fedha kitavuka mpaka kulipia vitu hivyo viwili. Sehemu kubwa ya kahawa yetu bado inasafirishwa ikiwa haijakaangwa, na huko iendako hupewa jina la mtu mwingine. Tumekuwa hodari wa kubeba kilicho kizito. Swali ninalowaachia wanafunzi wangu, na sasa nakuachia wewe msomaji, ni hili: lini tutaanza kumiliki kilicho chepesi?