MREMBO WA INSTAGRAM AUMBULIWA NA KISAMVU KIBAHA

Wadau, kuna huyu dada mmoja anayefanya matangazo ya nywele na vipodozi, jina kapuni. Kwenye ukurasa wake yuko Masaki muda wote: sushi, kahawa yenye povu, juisi za rangi rangi. Anakotokea hapasemi. Ukimbana sana anakujibu "Pwani huko", kama vile Pwani ni jina la hoteli.

Jumamosi mchumba wake, baharia aliyerudi likizo baada ya miezi tisa majini, akampeleka kula Kibaha, pale Maili Moja, kwenye mgahawa wa vyakula vya asili. Kuna bada la muhogo, kisamvu cha nazi, mlenda, samaki wa kukaanga. Mrembo akaagiza chipsi kuku. Chipsi! Kwenye mgahawa wa asili!

Jamaa alikuwa na hamu zake. Akasimulia kwamba mpishi wa meli yao ni Mfilipino, na siku moja aliwapikia laing, chakula cha kwao Bicol: majani ya magimbi yaliyokaushwa, yanapikwa kwa tui la nazi na pilipili mpaka yanalainika. Alipoonja tu akaikumbuka Kibaha, akala huku machozi yanamlenga. Mfilipino akadhani ni pilipili.

Akasukuma bakuli. "Onja basi, mama."

Akaonja. Hapo ndipo mdomo ulipomponza. "Tui zito wameliwahisha, wakaliacha lichemke bila kukoroga. Ndio maana limekatika. Na haya majani ya mashine, hayajaona kinu."

Kijiko cha jamaa kikabaki hewani. "Wewe umejuaje?"

Mrembo akainamia chipsi zake kama zimeandikwa jibu. Mwishowe akafunguka. Mama yake anauza bada na kisamvu Kisarawe, kibandani, na hicho kibanda ndicho kilichomsomesha. Kisamvu alikuwa anakitwanga yeye alfajiri, kabla hajavaa sare ya shule. Sasa balaa lenyewe: miaka miwili yote jamaa ameambiwa mama mkwe anaishi Muscat, hivyo washenga wasubiri kwanza arudi.

Wengi wangedhani jamaa atachukizwa na kibanda. Wala.

"Bada nimelilia mimi," akasema, "sasa nitalionea aibu? Ila mama yako ulimtoa nchini kwa kosa gani?"

Kope moja ya kubandika ikadondokea kwenye kachumbari. Hakuna aliyecheka.

Njiani kurudi Dar hawakusemeshana. Walipofika Mbezi, mrembo akatoa simu, akampigia mama yake. Kesho nakuja, ana mgeni, ni mwanaume, ndiyo huyo huyo. Jamaa anakodoa macho barabarani, masikio yote kwenye simu.

Mama hakuuliza kazi wala kabila. Aliuliza kitu kimoja tu, na kwa sauti hiyo gari zima lilisikia:

"Pilipili anakula?"