Jicho la Mashine na Macho ya Baba

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, na dalili ya kwanza ya maradhi yake tuliiona kwenye tundu la sindano. Alianza kuniita nimtungie uzi, nasi tukasema ni utu uzima. Kumbe kisukari kilikuwa kimekwisha kuharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, kimyakimya, pasi na maumivu. Tulipomfikia daktari bingwa, jicho la kushoto lilikuwa limekwenda.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juma hili mwanafunzi wangu aliniuliza kama akili mnemba haingemwokoa mtu kama yeye. Swali la haki. Mwaka 2016 watafiti wa Google walichapisha habari za programu waliyoifundisha kwa picha zaidi ya 128,000 za retina zilizokwisha kukaguliwa na madaktari, hata ikaweza kuutambua ugonjwa huu kwa usahihi unaokaribia wa daktari wa macho. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha mfumo mwingine, IDx-DR, unaotoa majibu bila kumsubiri daktari aisome picha.

Nilimjibu kwa kumpeleka Thailand. Programu ya Google ilipofikishwa katika zahanati za huko, ilizikataa picha zaidi ya moja kati ya tano, nyingi kwa sababu chumba hakikuwa na giza la kutosha. Mtandao nao ulisuasua. Ambaye picha yake ilikataliwa alitakiwa kwenda kwa mtaalamu katika hospitali nyingine, siku nyingine. Wapo wauguzi waliowashauri wagonjwa wasijiunge na utafiti huo, wakihofia kuwasumbua kwa safari isiyo ya lazima.

Wauguzi wale nawaelewa mno. Jicho la kulia la baba liliokolewa kwa miale ya leza, ila baada ya safari tatu za basi za kutwa nzima. Mara mbili tuliambiwa mashine ni mbovu, turudi mwezi ujao. Ili kupata nauli aliuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Mapema tungeujua ugonjwa, naam, na hilo si dogo. Lakini basi lingekuwa lile lile, na leza ile ile mbovu.

Kijana anataka kuandika tasnifu juu ya programu ya namna hiyo. Nimemkubalia, kwa sharti moja: sura ya kwanza ihesabu leza zilizopo mikoani, na ngapi kati yake zinafanya kazi.