Gari Lililokosa Pumzi Mlimani Sekenke



Wapendwa katika Kristo, mtuwie radhi kwamba tafakari ya juma hili inaanzia gereji badala ya altareni. Tunao wajibu wa kuieleza habari hii, na mwishoni mtaona sababu yake.

Wengi wenu mnalifahamu gari la parokia, lile la dizeli lenye turbo. Kwa muda wa mwezi mzima gari hilo liliugua ugonjwa wa ajabu. Katika barabara tambarare lilikwenda vema. Lakini lilipoanza kuupanda Mlima Sekenke kutoka Shelui, nguvu zake zilikuja na kuondoka kama homa ya vipindi: mara linavuta kwa nguvu, mara linalegea na kutoa moshi mweusi, kisha linavuta tena. Zaidi ya hayo, lilianza kunywa mafuta kuliko desturi yake.

Usiku mmoja tuliitwa na katekista wa kigango kilichoko chini ya mlima, tukampe mama mzee Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Baada ya sala ikaonekana kwamba lazima apelekwe hospitali ya wilaya, Kiomboi. Tulipofika katikati ya mlima gari likaishiwa pumzi. Mara mbili tulisimama kando ya barabara, malori yakitupita, na mgonjwa akiugulia kiti cha nyuma. Tunamshukuru Mungu kwamba alifika akiwa hai na akapona. Lakini usiku uleule, katika ua wa hospitali, tulitenda jambo la aibu. Tulimgeukia dereva wetu, aliyeitumikia parokia kwa miaka mingi, tukamwambia mbele ya ndugu za mgonjwa kwamba anauza dizeli ya parokia na kulijaza gari mafuta yaliyochakachuliwa.

Alitutazama, akasema kwa sauti ya chini, “Baba, mimi sijayagusa mafuta hayo.” Hatukumsikiliza. Asubuhi tukamnyang’anya funguo.

Hoja zetu zilionekana kuwa na uzito. Sote twakumbuka miaka ile ambapo mafuta ya taa yalichanganywa na dizeli kwa wingi nchini, hata mwaka 2010 EWURA ikaanza kuyawekea mafuta alama maalumu, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuiondoa faida ya mchezo huo. Gari halina nguvu, moshi ni mweusi, mafuta yanakwisha upesi: tungehitaji ushahidi gani tena?

Tulilipeleka gari kwa fundi mmoja mjini Singida, tukamwagiza asafishe tangi na, ikibidi, abadilishe turbo. Fundi akacheka kwa adabu. “Baba Paroko,” akasema, “kwanza tumpime mgonjwa, ndipo tuandike dawa.” Kisha akatueleza mambo ambayo twapenda kuwashirikisha.

Turbo ni pangaboi mbili juu ya mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika injini huizungusha ya kwanza, nayo ya pili huisukuma hewa safi iingie kwa wingi ndani ya injini. Kifaa hiki kilibuniwa na Alfred Büchi wa Uswisi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani, Sanford Moss, aliipandisha injini yenye turbo hadi kilele cha Pikes Peak, penye urefu wa zaidi ya mita 4,000, akathibitisha kwamba injini yaweza kutunza nguvu zake mahali ambapo hewa ni nyepesi. Jambo hilo latuhusu sisi wa Singida. Mji wetu uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganishwa na pwani.

“Turbo iliyokufa,” fundi akaendelea, “imekufa siku zote, tambarare na mlimani. Hii inakuja na kuondoka. Basi huenda yenyewe ni nzima, ila anayeiongoza ndiye anayeyumba.” Akalikagua chujio la hewa, likawa safi. Akautikisa mhimili wa turbo, ukawa imara. Akapapasa mipira mikubwa ya hewa na vikazo vyake akitafuta unyevu wa oili unaoonyesha mahali hewa inapotoroka, asione kitu. Gari likiwa limesimama gerejini, halikuwa na kosa lolote.

Ndipo akafunga geji ya presha, akatuomba twende naye barabarani tukatafute mlima. Kwenye mwinuko, gia ya tatu, kanyagio chini, mshale wa geji ukaanza kucheza: ukapanda, ukaanguka nusu, ukapanda tena. Akarudi na tochi, akaufuata mpira mmoja mwembamba, mnene kama kidole kidogo cha mtoto. Ndani ya mpira huo hewa hunyonywa na pampu ya injini, na mvuto huo ndio unaovigeuza vibao vidogo vinavyoiongoza turbo. Mpira ulikuwa umesuguana na chuma hadi ukapata ufa. Gari likiwa limetulia, ufa ulijifunga. Injini ilipobeba mzigo na kuinama upande, mpira ulivutika, ufa ukafunguka, mvuto ukapotea, na turbo ikalegea. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote. Ndiyo sababu ya moshi mweusi, na ndiyo sababu ya mafuta kwisha upesi. Dizeli ilikuwa safi.

Dawa yake ilikuwa kipande cha mpira na nusu saa ya kazi.

Tulipokuwa tukirejea nyumbani tulikumbuka jambo lililotuchoma zaidi. Majuma machache kabla ya usiku ule, dereva alitujia akasema anasikia mluzi mdogo kwenye injini, akaomba ruhusa ya kulipeleka gari kwa fundi. Tukamjibu kwamba fedha haipo na safari ni nyingi. Yeye alikuwa ameusikia ufa. Sisi hatukumsikia yeye.

Wapendwa, Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaihesabu hukumu ya haraka kuwa kosa dhidi ya Amri ya Nane, nayo yafundisha kwamba aliyeliharibu jina jema la jirani anadaiwa kulirekebisha. Tuliungama. Lakini ondoleo la dhambi halikumrudishia dereva heshima yake. Kwa hiyo tulikwenda nyumbani kwake, tukamwomba msamaha mbele ya mke na watoto wake. Kisha tukarudia maneno hayo mbele ya Halmashauri Walei, na tena kwa ndugu wa yule mama mzee, waliokuwa wamesikia shutuma. Leo twayaandika hapa, kwa maana uvumi ulikwisha kufika vigangoni kabla yetu.

Alitusamehe, ila funguo hakuzipokea siku ileile. Alikaa siku nne. Hatukumlaumu, kwa kuwa jina likichafuliwa kwa dakika moja halisafishwi kwa dakika moja.

Nasi tumejifunza kuitafiti dhamiri kwa namna ya fundi yule. Ufa wetu hauonekani tukiwa tumepiga magoti kwa utulivu kanisani. Unafunguka mlimani, usiku, tukiwa na mzigo na hofu. Basi jioni, tunapoitazama siku iliyopita, tuanze na pale palipokuwa na mwinuko: nani alituambia kuna mluzi, nasi tukamjibu nini?

Mungu awabariki nyote. Dereva wetu amekwisha kurudi kazini. Mkikutana naye barabarani, msalimieni kwa heshima anayostahili.