Alimkuta Mkewe Leicester Anaishi na Panya Watatu, Leo Yeye Ndiye Anawafungia Zawadi

Kwa mtu aliyekulia Kihonda, Morogoro, panya ni wa aina mbili tu. Kuna yule wa stoo, anayetoboa gunia la mchele na kuishia kwenye mtego. Halafu kuna panya msomi, yule panya buku wa pale SUA anayefundishwa na APOPO kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa TB. Panya wa aina ya tatu, anayelala kwenye bembea ya kitambaa sebuleni na kuitwa Kashata, jamaa hakuwahi kumsikia mpaka siku aliposhuka Leicester kumfuata mkewe.

Walikuwa watatu: Kashata, Ubuyu na Dagaa. Wote majike. Dada alikuwa anafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, akirudi alfajiri nyumba imepoa, hakuna wa kumwambia hata pole. Panya kwa asili ni watu wa usiku, kwa hiyo saa ile anafungua mlango wao ndiyo wamechangamka, wanagombania nafasi kwenye nyavu za tundu kumwona. Kwa mtu mpweke hicho si kitu kidogo. Tatizo ni kwamba hakumwambia mumewe. Mwaka mzima wa video call alikuwa anageuzia simu ukutani.

Wiki ya kwanza ikawa ya "mimi au wao". Dada hakupandisha sauti: "Wao wamekaa na mimi mwaka mzima. Wewe una siku nne."

Lakini panya ndiyo walikuwa wa kulaumiwa tu, kidonda kilikuwa kwingine. Jamaa alikuwa fundi makabati, Morogoro ana jina lake na wateja wake. Kule viza ya mwenza inamruhusu kufanya kazi, ila kila anapoomba anaulizwa cheti na uzoefu wa palepale. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Mke analipa kodi, mke ananunua chakula, mke anamwachia pauni kumi mezani za nauli. Kwenye grupu la WhatsApp la washkaji wa nyumbani walishampa jina: marioo wa Ulaya. Alikuwa anaweka emoji za kucheka, kisha anazima simu.

Kazi pekee aliyopewa ndani ilikuwa kulisha panya. Bakuli lijazwe, maji yabadilishwe, na kila mmoja apewe zile pipi za yoghurt zinazouzwa kwenye maduka ya wanyama. Siku ya tatu akamwambia mkewe kitu ambacho hakikutarajiwa: "Hawa wamenenepa vibaya. Hawana kazi."

Na alikuwa sahihi. Panya mkubwa wa kufugwa anahitaji chakula cha gramu 15 mpaka 20 hivi kwa siku, na hizo akiwekewa bakulini anamaliza shughuli kwa dakika chache. Saa zilizobaki analala, anatafuna nyavu, anawachokoza wenzake. Mwenzake wa porini muda huo wote anahangaika: ananusa, anachimba, anabeba, anaficha. Mwili na akili vimeumbwa kwa hayo mahangaiko. Na zile pipi ni sukari tupu.

Pale Kihonda kila mtu anamjua mtu anayemjua mtu anayefanya kazi kwa panya wa SUA. Jamaa alishasikia wanavyofundishwa: panya akipatia anasikia mlio wa "kliki", kisha anapata ndizi iliyopondwa na karanga. Hakuna kliki, hakuna ndizi. Magawa, yule aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, ndivyo alivyoanza. Alistaafu mwaka 2021 akiwa amenusa zaidi ya mabomu 100 ya ardhini na vilipuzi vingine, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na PDSA ya Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Akafa Januari 2022.

Basi jamaa akachukua lile boksi la ndani la toilet paper, akatia shayiri kidogo na mbegu mbili za maboga, akakunja ncha zote mbili, akalitupa tunduni. Kimya. Hakuna aliyeligusa mpaka usiku. Hilo nalo alilijua kutoka upande wa pili wa vita: panya wa stoo kwao alikuwa anaionja sumu kidogo, anaiacha, anasikilizia tumbo. Panya haamini kitu kipya. Saa tano usiku Kashata akaja, akanusa, akalipindua, akalichana vipande. Jamaa alikuwa amekaa chini kwenye zulia, taa imezimwa, anamulika kwa simu.

Kilichomchanganya ni kesho yake. Alijaza bakuli kama kawaida, pembeni akaweka trei ya mayai iliyosokotwa makaratasi yenye chakula kilekile. Dagaa akapita bakuli kama haoni, akaenda kufukua makaratasi. Bakuli limejaa, la bure, na yeye anataka la jasho. Wanasayansi wanalijua jambo hili siku nyingi. Mwaka 1963 mtafiti Glen Jensen aliwapa panya 200 nafasi ya kuchagua kati ya chakula cha bure na kile cha kubonyeza kitufe, na wengi waliendelea kubonyeza huku cha bure kipo palepale. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Richmond, Marekani, kikaonyesha panya wanaoendesha vigari vidogo vya plastiki ili wapate nafaka tamu, na kuendesha kwenyewe kukaonekana kuwatuliza.

Mke aliporudi asubuhi alimkuta bado macho. Akamsimulia habari ya Dagaa na bakuli. Halafu akanyamaza muda mrefu, mke naye akanyamaza. Hakuna aliyetaja pauni kumi.

Kuanzia hapo ikawa ugonjwa. Sahani pana ya maji ya kina kifupi, ndani njegere zinazoelea na kuzama: Ubuyu akawa mvuvi, anatumbukiza uso mzima, anatoka na njegere, anaikimbiza kona kuificha. Beseni la udongo safi lililooteshwa ngano, wachimbe mpaka wachoke. Brokoli na tango vikatungwa kama mishikaki na kuninginizwa juu, wasimame kwa miguu ya nyuma ndiyo wafikie. Halafu fundi akakumbuka kuwa yeye ni fundi. Akaokota vipande vya mbao isiyopakwa rangi wala dawa, akatengeneza kabati dogo la droo sita, kila droo na kamba ya kuvuta kwa meno. Dagaa alilielewa siku ya pili. Kashata alikuwa anasubiri Dagaa afungue, anaiba. Kila nyumba ina mtu wa hivyo.

Kuhusu vitamu vyenyewe, mke ndiye alikuwa hakimu. Siku moja jamaa alitaka kuwaonjesha soda kwenye kifuniko, dada akapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Panya hawezi kucheua wala kutapika. Gesi ikiingia haina pa kutokea, na akila kibaya hawezi kukirudisha. Maharage mabichi hapana. Mahindi au karanga zenye ukungu hapana kabisa. Maganda ya machungwa kwa panya dume yanaumiza figo. Yai la kuchemsha, wali kidogo, ndizi na mfupa wa kuku uliopikwa ni ruksa, mradi kipande kiwe kidogo kama ukucha. Jumapili kila mmoja anapata dagaa mmoja wa Kigoma asiye na chumvi. Ndiyo, na Dagaa anakula dagaa.

Panya wa kufugwa anaishi miaka miwili, mitatu akibahatika. Kashata alipofika miwili na nusu miguu ya nyuma ikaanza kugoma. Wengi hapo wanarudisha bakuli mbele ya mgonjwa na kumwacha alale. Jamaa hakukubali. Alishusha kila kitu chini sakafuni, akatoa droo kwenye kabati, akaweka vifurushi vya karatasi laini ambavyo ukipuliza tu vinafunguka, ndani ndizi na karanga zilizosagwa. Kashata alikuwa anajivuta kwa mikono ya mbele mpaka kwenye kifurushi, anakifungua mwenyewe, anakula, anasaga meno mpaka macho yanacheza, dalili ya panya aliyeridhika. Kifurushi cha mwisho alikifungua Jumanne. Jumatano hakuamka. Mtu aliyetega mitego tangu ana miaka saba alimzika kwenye chungu cha maua barazani, na siku ile hakutaka kupigiwa simu.

Kazi ilikuja baadaye, ghala la mizigo, zamu ya usiku. Si ufundi, lakini mshahara upo, na kabla ya kutoka anafunga vifurushi vya Ubuyu na Dagaa na kuvificha sehemu tofauti na za jana. Yale makabati ya droo ameshauza manne kwa wafugaji wa mjini kwake. Kwenye lile grupu aliweka picha ya kabati, washkaji wakauliza bei kabla ya kuuliza ni la nini.

Mama yake Morogoro alitumiwa video ya Ubuyu anavua njegere. Aliitazama mara mbili, akarudisha ujumbe wa sauti: "Nimeona, mwanangu. Panya anakula njegere, anakula mayai, anakula ndizi. Sasa na nyie huko mnakula nini?"