Gunia litakaa wapi?

Kijana wetu anataka kutengeneza upya pikipiki ya zamani ya baba yake, Yamaha AG 100, katika garaji ndogo ya nyumbani, karibu na jiko. Anataka iwe kafe resa, kama zile za vijana wa London waliokutana Ace Cafe miaka ya 1950 na 1960. Hao waliondoa kila kisichosaidia mbio, wakashusha usukani, wakaacha kiti cha mtu mmoja.

Tukauliza: gunia la mihogo litakaa wapi? Na mgonjwa wa usiku?

Hatukumkataza. Tuliketi naye na daftari. Kwanza breki, matairi na cheni, rangi mwisho. Kiti kirefu na chuma cha kubebea mizigo vibaki; usukani ashushe. Sharti moja halina mjadala: tangi halifunguliwi wakati mbabula inawaka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye moto, na watoto wanacheza palepale.

Wamama wenye vijana kama huyu, msiwafukuze na spana zao. Kaeni nao, mpange pamoja.